Mguu wa Shangazi na Wakili Wangu

Mimi nimelelewa Pwani, na mtu wa Pwani haingii kwenye jambo kama mbuzi anavyoingia kwenye mchicha. Unapiga hodi, unakaribishwa, unauliza za nyumbani, za watoto, za afya, za mvua, ndipo unakohoa kidogo na kusema kilichokuleta. Malezi haya nilikuwa nikijivunia. Sasa yananigharimu shilingi elfu kumi na tano kila dakika sita.

Jirani yangu kule Kigamboni amejenga ukuta ulioingia kiwanjani kwangu hatua moja na nusu. Baraza la kata likatuita kutusuluhisha. Jirani akaja na mkwewe, mkwewe akaja na hasira, tukatawanyika. Ikabidi twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na shemeji akanionya nisiende mikono mitupu. Nikatafuta wakili. Nikampata mjini, ghorofa ya saba, kiyoyozi kinapuliza mpaka nikajuta kuja na shati la mikono mifupi.

Akapitia makaratasi yangu, akavua miwani, akasema, "Mzee, kesi yako ni nzuri sana." Nikafurahi hata nikasahau kuuliza ni nzuri kwa nani. Nikaletewa barua ya makubaliano, kurasa nne, nikaitia saini kama mtu anayepokea mzigo wa basi. Hapo kosa ni langu, silikatai.

Mwezi uliofuata ikaja ankara. Mstari wa kwanza: "Mazungumzo ya simu na mteja, 0.3." Nikadhani ni namba ya chumba. Nikampelekea mpwa wangu, naye ni wakili, ila bado mchanga, hajapata kiyoyozi. Akanifafanulia: saa imekatwa vipande kumi, kila kipande dakika sita, na ukigusa kipande umekinunua chote. Saa ya wakili wangu ni laki moja na nusu.

Nikafungua simu kutazama: tulizungumza dakika kumi na sita. Nikaanza kukumbuka. Kesi yenyewe ilichukua sentensi moja: "Bado hawajatupa tarehe, mzee." Zilizobaki zote zilikuwa salamu. Na si mimi tu niliyesalimia! Yeye ndiye aliyeniuliza habari za shangazi yangu wa Tanga anayeumwa mguu, nami kwa moyo mweupe nikamsimulia mguu wote, kuanzia nyonga. Elfu arobaini na tano. Chini yake wameongeza VAT asilimia 18, kwa hiyo mguu wa shangazi sasa unachangia pato la taifa.

Halafu kuna hii habari ya "kutajwa". Kesi ya watu wengine husikilizwa, yangu hutajwa. Tunafika saa mbili asubuhi, tunakaa kwenye benchi mpaka saa tano, wazee wa baraza hawajatimia, tunapewa tarehe nyingine. Wakili wangu anainama, wakili wa jirani anainama, wanaitana "msomi mwenzangu", kisha nawaona nje kwenye kivuli wakicheka pamoja kama watu waliooa nyumba moja. Kwenye ankara: kuhudhuria barazani, kusubiri barazani, kurudi kutoka barazani. Kurudi! Ningejua kurudi kunalipiwa, ningempandisha pantoni pamoja nami.

Mpwa akaniambia nisilalamike sana. Eti Marekani kulikuwa na mtu na mkewe, akina Goldfarb, waliokuwa wakinunua nyumba Virginia na wakahitaji wakili wa kukagua hati. Wakawaandikia mawakili 36. Wakajibu 19, na hakuna hata mmoja aliyeshuka chini ya bei iliyopangwa na chama chao. Wakashtaki, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya huko ikawapa ushindi. Kisa kizuri. Lakini wale walipata bei moja kwa mawakili 19. Mimi nimepata bei 19 kwa wakili mmoja, ikiwemo ya kutoa kopi na ya bahasha.

Nikajiliwaza kwamba nikishinda, jirani atalipa kila senti. Mpwa akacheka, jambo ambalo si adabu. "Mjomba, ukishapewa haki ya gharama, una siku 60 za kupeleka bili yako. Itakadiriwa kwa Amri ya Ujira wa Mawakili ya mwaka 2015, si kwa saa za ghorofa ya saba. Na wakikata zaidi ya moja ya sita, unaweza kunyimwa hata gharama za kuishughulikia hiyo bili." Kumbe bili nayo ina bili yake! Nikamuuliza kama mguu wa shangazi umo kwenye jedwali. Hakunijibu.

Mke wangu amepiga hesabu nyuma ya kalenda. Anasema kwa hela tulizokwisha kutoa tungemnunulia jirani kiwanja kingine, tena cha kona.

Basi juzi nikaamua kubadilika. Nikampigia wakili, alipopokea tu nikasema, "Tarehe ngapi?" Kimya. Kisha kwa sauti ya mtu aliyeumia: "Mzee, kulikoni leo? Hata salamu? Nimekukosea nini?" Nikaona haya. Nikaanza kumweleza kwamba hakuna ubaya, ni haraka tu, nyumbani wazima, watoto wazima, na mguu wa shangazi sasa unakanyaga vizuri. Mpaka nakata simu, nimeshaingia 0.2.

Kesi inatajwa tena tarehe 14. Ukuta upo palepale, na jirani ameanza kuuanikia mikeka.