Feni Yenye Kiu

Muscat, Oman

Baba mdogo, shikamoo. Mama mkubwa, shikamoo. Shangazi Hajati, asalaam alaykum, na shikamoo juu yake. Wadogo zangu wote wa Ihanja, Singida, hamjambo.

Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua, ila safari hii naona hofu na mashaka yamegeuza njia, yanatoka Ihanja kuja kwangu. Tangu niweke ile picha kwenye kundi letu la WhatsApp, simu haijapumzika. Mama mkubwa ameuliza kwa nini mwanawe anafukizwa moshi kama nyuki wa mzingani. Baba mdogo ameuliza kama ile ni dawa ya mbu. Binamu wa Mbagala hali yangu hakuijulia kabisa. Ameuliza bei ya jumla. Nimeona niandike barua, isomwe mbele ya watu wote, maana ujumbe wa sauti Baba mdogo huusikiliza nusu kisha anatoa hukumu.

Kile si moshi, ni maji. Ni feni ya betri yenye kijipampu kinachofyonza maji ndooni na kuyasukuma kwenye vitundu vyembamba kuliko tundu la sindano, yakatoka manyunyu, halafu panga la feni likayapuliza usoni kwa mtu. Na mahali pale ni jangwani, kwenye machanga ya Sharqiya, ambayo wengi bado wanayaita Wahiba, kama kilomita 200 kutoka Muscat. Nilikuwa nimekwenda kupiga kambi.

Baba mdogo asiulize ni jeshi gani limenichukua. Hakuna jeshi. Huku kuna watu wenye kiyoyozi sebuleni, kiyoyozi chumbani, kiyoyozi garini, na ikifika Alhamisi jioni wanapakia mahema, mkaa, mbuzi aliyekwisha kuchinjwa na madumu ya maji, wanakwenda mahali pasipo umeme, pasipo bomba wala mtandao, wanalala mchangani. Kwa hiari yao. Babu alipohamishwa kwenye Operesheni Vijiji miaka ya 1970, akalala chini ya mti na familia nzima mpaka nyumba iliposimama, hakuna aliyemwambia kwamba yuko kwenye starehe. Angejua, angewatoza wapita njia kiingilio.

Mkifika mwanzo wa mchanga, kitu cha kwanza kila dereva anashuka na kupunguza upepo kwenye matairi, ili tairi litandike na gari lisizame. Matairi manne mazima, mapya, yanatolewa upepo kwa makusudi. Nilimkumbuka fundi wa pancha wa pale njiani Puma, nikaona bora asisikie habari hizi, atahama.

Wenyeji wangu ni Waomani wanaosema Kiswahili safi kuliko mwalimu wetu wa darasa la tano. Wako wengi wa namna hiyo: wazee wao waliishi Unguja na Pemba, wengine bara kabisa, wakaja huku baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Mzee wa msafara wetu alizaliwa Tabora. Aliposikia natoka Singida aliniuliza habari za asali na habari za kuku, kwa mpangilio huo, ndipo akakumbuka kuniuliza jina.

Sasa, msimu wa kambi huku ni kama Oktoba mpaka Machi, na usiku wa Januari jangwani unataka blanketi. Kwa hiyo miezi ya kambi feni haina kazi, na miezi ya feni hakuna mwenye akili zake anayekwenda kambini. Sisi tulikwenda mwisho wa Aprili, kwenye kale kamwanya katikati, kwa sababu kijana wa mzee alikuwa amenunua feni za aina tatu na hakuwa na subira. Mchana kipimajoto cha gari kiligonga nyuzi 40.

Feni ya kwanza ilikuwa ya kuvaa shingoni. Tanki lake linaingia maji ya finjani moja ya kahawa, na finjani hiyo inakwisha kwa saa moja. Kijana aliivaa akatembea nayo kambini kama diwani aliyepita bila kupingwa. Mimi, nikiwa mwana wa mkulima wa alizeti, nikapiga hesabu. Mwili wa mtu aliyekaa tu unatoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu ile ya zamani. Finjani ya maji ikikauka yote ndani ya saa nzima inaondoa wati 20 tu. Yaani balbu inawaka shingoni pako, na feni inakuahidi itakuzimia moja ya tano yake, kwa masharti kwamba kila tone likaukie kwako na si kwa jirani.

Ya pili ilikuwa ya kuning'iniza hemani. Hiyo ndiyo iliyotupa burudani. Kijana alifunga zipu zote za hema mchanga usiingie, akawasha manyunyu, akalala. Feni hizi zinapoza kwa njia moja tu: tone linapokauka hewani linachukua joto la kukaukia. Lita moja ikikauka inaondoka na joto ambalo lingechemsha karibu lita saba za maji ya mtungini, kwa hiyo nguvu ipo, si mchezo. Lakini hewa ikishashiba maji haipokei tena. Ndani ya hema lililofungwa hewa ilishiba upesi, na kuanzia hapo feni ikawa inamwagilia godoro. Saa tisa usiku alitoka ameloa chapachapa, ana joto vilevile, akakaa nje mchangani bila kusema na mtu. Baba yake akamkaribisha kahawa.

Mzee mwenyewe hakuwa na feni. Alikuwa na shuka ya pamba aliyoichovya maji na kuikamua, akajifunika, akalala upande unaokuja upepo. Alisema zamani huku Oman ndivyo watu walivyolala juu ya mapaa kabla ya viyoyozi, na mpaka leo hajaona sababu ya kulipia panga. Pembeni alikuwa ametundika jahla, mtungi wa udongo wa kutoka Bahla, mji wa wafinyanzi. Udongo unatoa jasho, jasho linakauka, maji ya ndani yanapoa. Mama mkubwa, usinitumie ujumbe kwamba wako ni mzuri zaidi. Najua, na nimeshamwambia mzee. Ameagiza.

Ya tatu ndiyo mliyoiona pichani, ile inayokaa juu ya ndoo. Betri yake ni kama ya mashine ya kutobolea ukuta, volti 18. Na hiyo, wazee wangu, inafanya kazi. Tuliiweka nje, mahali penye upepo, hewa kavu mpaka midomo inapasuka, na ukikaa mbele yake hatua mbili hivi unasikia mwili umerudi kuwa wako. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 20, ukiipa maji ya kutosha, yaweza kushuka mpaka nyuzi 22 au 23. Huo ndio mwisho wake wa kitabuni. Nje hufiki huko kwa sababu upepo unakunyang'anya, lakini hata nusu ya safari ni rehema. Feni kavu, isiyo na maji, kwenye joto la kupita nyuzi 40 inakupulizia tu moto. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema ikifika hapo izimwe.

Niliporudi Muscat nikaazima ile ya ndoo nijaribu kibarazani kwangu. Muscat iko pwani. Hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 70, uifanyie lolote kwa maji, inagota kwenye 30. Nililowa. Joto halikuondoka, liliningoja nijifute. Mjue huku si pa mchezo: mwezi Juni 2018, katika mji wa Quriyat, pwani hiyohiyo, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana, saa 24 nzima. Kuanzia Juni mpaka Agosti sheria inakataza vibarua kufanya kazi juani tangu saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana. Mimi niko ghalani, kivulini, namshukuru Mungu, na msimamizi wangu ana feni moja kubwa anayoielekeza kwake mwenyewe.

Sasa nijibu maombi.

Binamu wa Mbagala, hapana. Najua umeshapata fremu, na najua umeshafikiria jina la duka. Dar na Muscat ni ndugu kwa jasho. Machi ya Dar ukimuuzia mtu feni ya manyunyu umemuuzia mvua, na atarudi na mashine yake akiwa amelowa na hasira. Zanzibar vilevile, Tanga vilevile. Kama biashara imekushika kooni, peleka Dodoma, upite Manyoni, uje Singida. Sisi ndio wenye hewa kavu. Mvua zetu zikikoma Aprili, mpaka Novemba hewa haina kitu, na upepo wa Singida mnaujua, ule unaowatamanisha wenye mitambo ya umeme wa upepo. Mashine hii ni kama ilitengenezwa kwa ajili ya Ihanja ya mwezi Oktoba.

Shangazi Hajati amesema kwenye kundi kwamba haya yote aliyaona zamani uwanja wa Arafa: nguzo zinawanyunyizia mahujaji ukungu, na chini ni miti ya mwarobaini imepandwa kwa safu. Ni kweli, na ninamwomba radhi kwa niaba ya vijana waliomcheka. Arafa ni bara, pakavu, ndiyo maana inakubali. Angalieni pia kwamba Wasaudi, pamoja na mashine zao zote, waliona wapande na mwarobaini, mti uleule ambao Baba mdogo anataka kuukata apate mahali pa kuegesha pikipiki.

Baba mdogo, nyumba yako. Tembe la Bibi, lenye udongo juu na dirisha la kiasi cha kuchungulia, saa nane mchana lilikuwa na ubaridi, sote tulilala mle tukiwa watoto. Ukalibomoa, ukaezeka bati bila dari, sasa saa nane hiyohiyo hata mbuzi hawaingii, na unaagiza feni kutoka Uarabuni. Sikulaumu, bati ni bati. Lakini feni hii huwezi kuiwasha ndani umefunga madirisha kwa kuogopa vumbi. Itakufanyia alichofanyiwa yule kijana hemani.

Kuna jambo la maji pia. Kwa mwendo wa katikati ile ya ndoo inakunywa kama lita mbili kwa saa. Usiku mmoja ni dumu zima la lita 20. Huku dumu hilo linatoka bombani, ni maji ya bahari yaliyochujwa chumvi kiwandani, na hakuna mtu anayehesabu. Huko dumu linatoka kisimani kichwani kwa Mama mkubwa, au kwa wadogo zangu wa kike kabla hawajaenda shule. Kati ya wanaume wote walioagiza feni kwenye kundi, na nimesoma ujumbe mmoja mmoja, hakuna hata mmoja aliyeuliza inakunywa kiasi gani.

Halafu maji yetu yenyewe yana chumvi. Mnaona ukoko mweupe kwenye birika; ukoko huohuo utaziba vile vitundu ndani ya juma moja. Dawa ni kuviloweka kwenye siki, au kutumia maji ya mvua yaliyokingwa, ambayo mwezi Oktoba mtakuwa mmeshayamaliza kwa chai. Na maji yasilale kwenye tanki siku nyingi, yanaoza, halafu mnajipulizia uozo puani.

Nimeamua hivi. Kuna jamaa wa Iramba anakuja likizo, atabeba feni moja ya ndoo. Moja. Betri atabeba mkononi, maana ndege hazikubali betri ya akiba ya lithiamu kwenye mzigo wa chini, na hii ni ya wati-saa 72, chini ya 100, hawatamsumbua. Kuchaji mtachajia popote mnapochajia simu zenu, isipokuwa kwenye sola ya msikiti. Nikisikia hivyo nitamwambia Shangazi kabla imamu hajajua.

Feni itakaa kwa Mama mkubwa, chini ya mwarobaini, na mwarobaini usikatwe. Atakayetaka kupulizwa aje na dumu lake limejaa, amelibeba mwenyewe kutoka kisimani. Kutuma mtoto hairuhusiwi. Kutuma mke pia. Mama mkubwa hatadaiwa dumu, yeye ameshabeba ya kwake.

Jamaa huyo akirudi huku mpeni asali lita tano na mtungi mmoja wa kutoa jasho, ufungwe vizuri kwenye nguo. Ni wa mzee wa Tabora. Kuku msimpe, uwanja wa ndege watamnyang'anya. Nilishamweleza mzee hilo, lakini kila Ijumaa ananiuliza upya.

Wasalaam,
mwanenu wa Muscat