Mshahara Wangu Unafuga Kuku

Siku hizi ukisema una kazi moja tu, watu wanakutazama kwa huruma. "Na pembeni unafanya nini?" Zamani mtu akipata ajira Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, ana kiti cha kuzunguka na kitambulisho shingoni, ukoo mzima ulitulia. Leo kitambulisho hicho ni ushahidi kwamba bado hujajitambua. Mhamasishaji amevaa suti ya bluu, anakuambia ajira ni utumwa, na anakuambia hayo katika ukumbi wenye kiyoyozi ambao kiingilio chake umelipa kwa fedha za utumwa huohuo. Mle ukumbini sikuona hata mmoja asiye na mshahara. Wasio na mshahara walikuwa nje getini wanatuuzia maji na karanga, wanafanya biashara bila kuhamasishwa na mtu.

Basi na mimi nafuga broila, Chanika. Ofisi iko Posta. Ukitaka kujua umbali uliopo hapo katikati, usitazame ramani. Panda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na moja na nusu jioni, usimame mpaka mwisho wa safari, ndipo uanze kuifikiria Chanika. Kiwanja nilinunua huko kwa sababu ndiko bei ilikolingana na mshahara. Banda nikajenga kwa sababu kujenga nyumba kulihitaji mshahara wa mtu mwingine.

Mchanganuo wa mradi ulinijia kwa WhatsApp, kama ulivyokujia wewe. Kabla yake ulipita wa kware, ukapita wa sungura, ukapita wa matikiti maji, ambapo ekari moja ilikuwa inamtoa mtu katika umaskini kwa msimu mmoja. Huu wa kuku ulikuwa mfupi na mtamu: vifaranga 300, kila mmoja unamuuza shilingi 7,000 akiwa na wiki tano, jumla shilingi 2,100,000. Mwaka una wiki 52, malizia mwenyewe. Katika mchanganuo huo hakuna kuku anayekufa, hakuna anayeumwa, na chakula kimetajwa kwa aibu, mstari mmoja, mwishoni. Aliyeuandika hana jina wala namba ya simu. Nahisi naye huwa anapanda daladala ya Gongo la Mboto.

Kuku wa kweli wana tabia ya kula. Broila mmoja mpaka afikishe wiki tano amemaliza kilo tatu na ushee, kwa hiyo hao 300 wanakula kama tani moja, yaani mifuko 20 ya kilo 50. Mfugaji yeyote atakuambia kwamba chakula peke yake kinameza zaidi ya nusu ya gharama zote. Kinachobaki unakigawa kwa vifaranga, chanjo, maranda ya kutandaza chini, mkaa wa bruda, maji, kijana wa banda na nauli. Mimi nikimaliza kugawa, jina langu halimo kwenye orodha.

Halafu wanazaliwa watoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo, siku 100. Baba anapewa siku tatu. Mimi nilipokea mia tatu kwa mkupuo, kwenye maboksi yenye matundu, wote yatima, na wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 au 33 usiku kucha. Likipungua wanarundikana kwenye kona na kukanyagana, likizidi wanahema midomo wazi. Umeme ukikatika saa nane usiku, kuna mtu lazima aamke apulize mkaa. Nilimweleza dada wa rasilimali watu. Akanisikiliza vizuri sana, akatabasamu, akaniuliza kama nina cheti cha daktari.

Ratiba ya chanjo nayo imepangwa na adui. Mdondo siku ya saba, gumboro siku ya kumi na nne, mdondo tena siku ya ishirini na moja. Ratiba hiyo haijawahi kuangukia sikukuu, huangukia vikao. Na chanjo ya maji haikubali kusubiri: unawanyima kuku maji kwanza mpaka wawe na kiu, kisha unachanganya, wanywe yaishe upesi kabla dawa haijapoteza nguvu. Nikawa kwenye kikao cha robo mwaka, takwimu ziko ukutani, simu inatetemeka mfukoni. Ni kijana wa banda: "Bosi, maji lita ngapi?" Nikainama chini ya meza kama naokota kalamu, nikanong'ona, "Ishirini." Nilipoinuka, Mkurugenzi alikuwa anaandika. Leo lengo la idara yetu ni kukua kwa asilimia 20, na kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba nimelipendekeza mimi.

Huyo kijana wa banda ni habari inayojitegemea. Kazi yangu ya mchana ni kupitia madai ya bima. Mtu anakuja anasema gari lake limegonga nguzo, mimi namuuliza nguzo ilikuwa inaelekea wapi. Nalipwa kwa kutoamini. Sasa Chanika nina mtu anayenipigia alfajiri: "Bosi, wamekufa sita." Kwa mazoea ya ofisi nikamwambia atume picha. Akatuma picha sita. Nikazikuza, nikazizungusha, nikaona ni kuku mmoja aliyelazwa ubavu wa kushoto, akalazwa ubavu wa kulia, akapigwa kwa karibu, akapigwa kwa mbali. Nikampigia. "Huyu wa pili na huyu wa tano wana ukucha mmoja uliokatika mahali palepale." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bosi, hao ni ndugu."

Sikuwa na hoja. Walianguliwa siku moja, mashine moja, undugu upo. Jumapili nilipokwenda kukagua, kuku walikuwa wamepungua na kijana alikuwa amenenepa.

Wakikua, linakuja suala la soko. Soko la kwanza ni wenzangu ofisini, watu wasomi, wenye digrii na lafudhi. "Kaka, mimi niwekee wawili, tutamalizana mwisho wa mwezi." Huo mwisho wa mwezi ndipo wanapomalizana na wote: mwenye nyumba, kikoba, ada ya shule, bodi ya mikopo na jamaa wa mikopo ya kausha damu. Mimi wa kuku nasimama nyuma kabisa ya foleni, na siku zamu yangu inapofika tayari ni tarehe tano na mtu ameanza kuniita "kaka yangu wa damu". Nimekuwa naweka kuku wangu kwenye jokofu la ofisi, ghorofa ya tatu. Kila Ijumaa lazima mmoja atoweke, na mwizi anaacha karatasi yenye ujumbe: "Nimechukua mmoja, tutaonana." Hajaandika jina.

Mkurugenzi huchukua wanne. Wanne kwa 8,500 ni shilingi 34,000. Wewe niambie, unaingiaje kwa mtu anayesaini tathmini yako ya mwaka, unatoa shikamoo, halafu unataja shilingi 34,000? Nilijaribu kumkumbusha kwa kuzunguka. "Bosi, wale kuku walikuwaje?" Akafurahi kweli. "Aisee, walikuwa wazuri. Niletee wengine."

Wanaobaki nawapeleka kwa dalali. Dalali haangalii kuku, anaangalia kola ya shati langu. Akishaona pasi, swali lake ni moja: "Wana wiki ngapi?" Nikisema tano, anasema bado wadogo. Nikisema sita, anaketi. Anajua broila akishafika hapo, kila siku unayomrudisha bandani anakula pesa yako na bei haipandi. Anajua pia kwamba saa mbili asubuhi natakiwa nigonge kidole kwenye mashine ya mahudhurio Posta. Yeye hana haraka ya kwenda popote. Kwa hiyo bei anapanga yeye na saa yangu ya mkononi, mimi natazama tu.

Nikifika nyumbani nategemea faraja. Mama watoto ananipokea, ananusa, anarudi hatua mbili. "Baba watoto, hiyo suti iache nje." Nikiuliza tunakula nini, jibu ni kuku. Wale wembamba, wale wenye mguu mmoja mfupi, wale ambao dalali aliwakataa kwa dharau, wote hao tumewala sisi. Watoto wangu wamefikia mahali pa kuomba dagaa kama zawadi ya kufaulu mtihani.

Ukoo nao umepata habari kwamba nina kampuni. Zamani kadi ya mchango wa harusi ilikuwa inanijia katika kundi la wafanyakazi, elfu hamsini, unalipa kwa awamu na hakuna anayekufuatilia. Sasa nimepandishwa. Shangazi ameniweka kwenye kamati, chini ya wafanyabiashara, na katika kikao ambacho sikuhudhuria nimeahidi kuku wa ukumbi mzima. Nilipolalamika akaniambia, "Mwanangu, wewe si unawatoa tu bandani?"

Mamlaka za kodi hazinidhulumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, viliwalenga wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Nikasema hapo ndipo pangu, mdogo kuliko mimi yuko wapi? Nikapiga hesabu. Mabanda mawili tu ya kuku 300 yameshavuka milioni 4. Maana wanaangalia mauzo, na mauzo ninayo. Kwa mauzo mimi ni tajiri. Ninachokosa ni faida, na faida haina kitambulisho.

Hata ofisini wamenitengenezea fomu. Kila Januari natakiwa kujaza karatasi ya mgongano wa maslahi: je, una biashara nyingine, na je, biashara hiyo inashindana na ya kampuni? Nikaandika: ufugaji wa kuku. Wakaniita. Mwanasheria akauliza kama kuku hao wananufaika na rasilimali za kampuni. Nikafikiria jokofu, nikafikiria intaneti ninayotumia kutafuta bei ya mashudu, nikafikiria mashine ya kurudufu inayochapisha vipeperushi vyangu, nikasema hapana. Lakini jibu la kweli lingekuwa kubwa kuliko hayo, na ndilo nililobaki nalo moyoni tangu siku ile: kuku hao hawana rasilimali nyingine yoyote duniani. Kampuni inanilipa mimi, mimi nawalipa wao. Mwenye hisa nyingi kwenye banda la Chanika ni mwajiri wangu, na hajui.

Ng'ambo ya barabara pale ofisini kuna mama lishe. Mchele ukipanda bei asubuhi, mchana sahani imeshapungua vijiko viwili. Saa tisa alasiri anakaa kwenye ndoo, anahesabu, na anajua kama leo amepata au amekosa. Akikosa siku tatu mfululizo, anaacha wali, anaanza chapati. Hakuna anayemjazia pengo, ndiyo maana hajidanganyi. Mimi nina stashahada, programu ya majedwali yenye rangi na safu ya jumla inayojijaza yenyewe, na sijui kama napata faida au hasara, kwa sababu kila nikikaribia kujua, mshahara unaingia. Ujumbe wa benki unalia saa nne asubuhi, na kabla sijamaliza kuusoma unafuata mwingine: "Bosi, chakula kimeisha." Natuma. Mradi uliokuwa unakata roho unakaa kitako na kuomba maji. Biashara ya mwajiriwa haifi, na ubaya wake uko hapo. Ingekufa tungeizika, tungekunywa chai ya msiba, na mimi ningelala.

Nikaanza kuhesabu nani anapata kitu katika mradi huu. Anayeuza vifaranga anapata. Anayeuza chakula amejenga ghorofa, namsifu. Muuza chanjo, dalali, kijana wa banda, mhamasishaji na suti yake, wote wanakula. Na wote chakula chao kinatoka kwenye mishahara ya watu wa aina yangu, wanaotoka Posta jioni wakiamini wanajikomboa. Nikaona basi kuku wenyewe ni nyongeza tu. Bidhaa inayouzika mjini hapa ni hamu ya mwajiriwa kuacha kazi.

Juzi kijana mmoja wa uhasibu, ameajiriwa mwaka huu, kitambulisho bado kinang'aa, alinivuta pembeni karibu na jokofu. "Kaka, nasikia wewe uko vizuri. Mimi nimechoka kutegemea mshahara. Hebu nipe siri."

Nikamtumia ule mchanganuo, bila kuongeza wala kupunguza nukta. Nikamwambia ana bahati, kuna banda Chanika linauzwa na kila kitu chake: vyombo vya maji, bruda, maranda mapya na kijana mzoefu anayejua hata kupiga picha. Macho yakamtoka. Hakuuliza chakula ni mifuko mingapi. Aliuliza kama eneo lina nafasi ya kupanua. Tukapatana bei, tukashikana mikono, nikahisi kwa mara ya kwanza utamu wa kuwa mfanyabiashara.

Kisha akanisogelea sikioni. "Kaka, tutamalizana mwisho wa mwezi."