Mtoto wa Bweni

Karani wa shule aliniuliza swali jepesi kwenye simu: "Mzee, mtoto wako ni wa kutwa au wa bweni?"

Nikajibu kwa fahari ya mtu aliyeulizwa kwao. "Wa Bweni. Tena Bweni hasa, kule juu kabisa ya kisiwa, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi."

"Sawa, mzee," akasema, akaandika.

Nia yetu, mimi na mama watoto, ilikuwa binti akae Mbagala kwa shangazi yake. Asubuhi angepanda basi la shule, jioni angerudi kula wali wa shangazi. Hiyo ndiyo kutwa, shilingi 910,000 kwa mwaka. Bili ilipokuja ilisema 2,100,000, na chini yake orodha ya godoro, chandarua na tranka la chuma. Nikapiga simu kulalamika. Karani akanisomea maneno yangu mwenyewe, hata mnara wa taa haukuachwa. Nikamweleza kwamba Bweni ni kijiji kisiwani Mafia, kina watu, msikiti na minazi, na mnara wenyewe Wajerumani waliujenga 1892, kabla ya shule yake, kabla ya babu yake. Akanijibu kwa upole kwamba mfumo umeshafunga. Mama watoto hakusema neno. Alichukua ukili wake akaendelea kusuka, na mkeka ule hadi leo una mstari mmoja uliokwenda kombo.

Kwetu hela huhesabiwa kwa pweza. Mwaka ule mnunuzi alichukua kilo kwa shilingi 7,000, kwa hiyo binti wa kutwa angekuwa kilo 130, na binti wa bweni akawa kilo 300. Anayetaka kujua kilo 300 ni kitu gani aingie mwambani maji yakikupwa, ainame achokoe shimo baada ya shimo mpaka maji yaanze kujaa, kisha ajaribu kunyoosha mgongo.

Tena pweza hajui mwisho wa mwezi. Huchokolewa siku za bamvua, maji yanapokimbia mbali na kuuacha mwamba mtupu. Yakiingia maji mafu, tunakaa barazani. Mhasibu wa shule hayajui hayo.

"Awamu ya pili utalipa lini, mzee?"

"Bamvua la mwezi mpevu, inshallah."

"Hiyo ni tarehe ngapi?"

Nikamwambia achungulie dirishani usiku. Nasikia aliandika "mzazi msumbufu". Mwaka uliofuata kijiji kikakubaliana kufunga mwamba miezi mitatu ili pweza wanenepe. Ni hekima, maana pweza hukua upesi, na mwamba ukifunguliwa hata aliyezoea kutoka na vidole vitupu hurudi na tenga. Ila miezi hiyo mitatu iliangukia muhula wa pili, na ada haifungwi ili inenepe. Inanenepa yenyewe.

Maji mafu ndiyo majira ya bunge letu la elimu. Linakaa kwenye kibanda cha mnunuzi, chini ya mizani yake ya kuning'inia. Kuna kambi mbili: sisi tunaolipa, tuitwao watu wa Sent hata kama shule haina mtakatifu yeyote, na wenzetu wa Kayumba, yaani shule ya serikali. Kiongozi wa Kayumba ni jirani yangu, mtu mwenye mtoto mwerevu na mdomo mkubwa zaidi ya mtoto. Hoja yake haina tundu. Tangu Januari 2016 ada imefutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 wakaongezewa cha tano na cha sita. "Wewe," huniambia, "unakaa kisiwani halafu unanunua maji ya bahari kwa chupa."

Zamani nilikuwa na silaha. Matokeo ya Baraza la Mitihani yakitoka, redio ilitaja shule kumi bora, na nyingi zilikuwa za kulipia. Shule ya binti yangu haikuwahi kutajwa, lakini iko upande huohuo, kama mtu aliyevaa jezi ya timu iliyoshinda. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza orodha hiyo. Tangu hapo tunapima shule kwa rangi ya basi, na basi lenyewe binti yangu halipandi kwa kuwa yuko bweni. Mtaala mpya ulipoanza 2024 jirani akaja barazani mapema kuliko kawaida. "Kiingereza unachokitolea kilo 300 sasa kinaanzia darasa la kwanza hapahapa kijijini," akasema. "Unataka chenji yako?"

Sikumjibu. Nilikuwa na sababu zangu, na sababu kubwa ni mimi mwenyewe. Mimi ni zao la UPE, ule mpango wa 1977 wa kumpeleka kila mtoto darasani. Walimu hawakutosha, ikabidi wahitimu wa darasa la saba wapewe chaki, na waja wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Nilitoka na hesabu nzuri, Kiswahili safi, na Kiingereza cha kusalimia tu.

Kiingereza hicho ndicho nilichokwenda nacho kusoma ripoti ya kwanza. Maksi zilieleweka. Tatizo lilikuwa ule mstari wa mwalimu wa darasa, wenye neno moja refu. Mpwa wangu wa kidato cha pili aliukodolea macho, akasema maana yake ni kwamba binti ana kipaji cha kuzungumza. Nikachinja jogoo. Nikatembea na ripoti mfukoni wiki nane, nikawaambia barazani kwamba kaskazini ya Mafia nayo itapata mbunge. Jogoo wa pili alikuwa ameshafungwa miguu mwalimu mmoja wa shule yetu ya kijiji alipopita, akaomba kuiona. Akaisoma, akaikunja taratibu. "Mzee, hapa wameandika anapiga domo darasani."

Mtu wa Kayumba alinisomea ripoti ya Sent, bila ada. Nilimsihi asimwambie jirani. Alikuwa ameshamwambia.

Kuhusu mifagio sitasema mengi. Fomu ilitaka mifagio miwili ya chelewa. Natoka kisiwa cha minazi, nikafunga kumi, nikaivusha kwa boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha basi hadi Mbagala, nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Matroni akaikataa kwa kuwa haikuwa na kipimo cha shule. Nikanunua miwili ya duka la shule. Nikainusa. Ilinuka mnazi wa kwetu.

Faida zilionekana likizo. Siku ya kwanza, saa kumi na nusu alfajiri, binti aligonga sufuria kwa mwiko akaamsha nyumba nzima kwa mapenzi ya ratiba. Majirani walidhani kuna msiba, wawili wakaja na sanda mkononi, nikawakaribisha chai. Kisha akawapanga wadogo zake mstari kukagua kucha. Bibi yake alikuwa akipita kwenda kisimani naye akaingizwa. Kucha za bibi ni nyeusi kwa rangi ya ukindu aliousuka tangu kabla ya Uhuru.

"Simama pembeni," akaambiwa.

Bibi akasimama pembeni. Alisimama robo saa kwa utii ambao marehemu babu hakuwahi kuuona, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii unailipia au wanakulipa?"

Jambo jingine alilorudi nalo ni kusoma kila kitu. Kopo la hamira, gunia la simenti, nguo ya mtumba mgongoni mwa mtu, vyote anasoma kwa sauti, kisha anatafsiri bila kuombwa. Kijana mmoja ameichoma fulana yake baada ya kuelezwa kilichoandikwa.

Bamvua la Desemba nikaenda naye kuuza pweza. Baraza lilikuwa limejaa. Mnunuzi akatundika tenga langu, akasoma kilo tisa, akaandika. Binti alisimama chini ya mizani kichwa juu, na mdomo ukaanza kazi yake iliyotajwa kwenye ripoti. Chini ya mduara wa namba kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza ambayo sote tulidhani ni jina la kiwanda.

"Baba," akasema, "imeandikwa mizani hii si halali kwa biashara."

Kibanda kikanyamaza hadi nzi wakasikika.

"Mimi nilisema tangu Ramadhani," ikatoka sauti ya mtoto wa jirani, yule wa Kayumba, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo. "Ikiwa tupu mshale hauanzii kwenye sifuri. Unaanzia nyuma, kama nusu kilo. Mkaniambia nikachote maji."

Ni kweli tulimwambia hivyo. Mimi ndiye niliyempa ndoo.

Tukaliondoa tenga, tukatazama wote. Mshale ulikuwa umejikunyata nyuma ya sifuri kama kaa shimoni. Nusu kilo kila tenga, miaka yote ile! Nilianza kupiga hesabu ya awamu ngapi za ada zimeishia pale, nikaacha njiani kwa ajili ya moyo wangu. Jirani yangu, kwa mara ya kwanza tangu 2016, alikuwa upande wangu, ananishika bega. Mnunuzi akasema hayo ni maandishi tu, kila mizani ina maneno yake, lakini alikuwa akisema huku anaifungua kamba.

Bamvua lililofuata akaja na mizani mpya, inang'aa, mshale umekaa juu ya sifuri kabisa. Tukamwita binti. Akaitazama mbele, akaigeuza, akatazama nyuma. Maandishi yalikuwa mengi kuliko ya kwanza, na yote yalikuwa ya Kichina.

Jirani akaniondolea mkono begani. "Hebu uliza huko shuleni," akasema. "Kichina ni kilo ngapi?"