Shangazi Spana: Weusi Hautoki Kwenye Kopo Moja

Shangazi, nimerithi pikipiki ya marehemu mjomba. Usukani, madigadi, ekzosi, ringi, mabomba ya shokapu za mbele, vyote ni kromu. Wenzangu kijiweni wanasema naendesha kabati la vyombo. Nimeshanunua makopo manne ya rangi nyeusi ya kupuliza, na Jumamosi nataka nimalize kazi yote. Nianzie wapi? — Mwana wa Giza, Tanga

Mwanangu, anza kwa kurudisha makopo matatu dukani kabla mwenye duka hajabadili mawazo. Sikukatazi weusi, pikipiki nyeusi iliyotengenezwa vizuri inapendeza, tena haimsumbui mwenyewe. Ninachokukataza ni hiyo Jumamosi moja na hiyo rangi ya aina moja. Kwa kuwa kromu yote inang'aa, unaiona ni kitu kimoja. Kumbe sehemu kubwa imewekwa kwa ajili ya macho tu, na sehemu ndogo iko kazini. Ya macho iondoe ukipenda. Iliyo kazini iache, au itafutie weusi unaoimudu kazi ileile. Kila chuma hapo kina adui wake: kingine chumvi, kingine moto, kingine msuguano, na hakuna kopo linalowaweza wote watatu.

Tuanze na ya macho. Kwenye madigadi, kromu yenyewe ni utando wa nusu maikroni au pungufu, wakati unywele mmoja wa kichwani una maikroni 70 hivi. Anayezuia maji hasa ni nikeli iliyolazwa chini yake, nayo ni maikroni 10 hadi 30 tu, ikitegemea uaminifu wa kiwanda. Utando wa juu una nyufa na vitundu visivyoonekana kwa jicho. Wewe uko Tanga, upepo wako una chumvi. Unyevu hupenya humo, ukiitoboa nikeli unakuta chuma kitupu. Kwanza unaona nukta za kahawia, nyingi zikiwa upande wa chini wa madigadi ambako tairi la mbele hurusha maji. Unazifuta kwa dawa ya kung'arisha, zinapotea. Mvua ikinyesha zinarudi palepale, kwa sababu kutu inatokea chini na wewe unasugua juu. Ikifika hapo, njia ni mbili: uyachovye madigadi kromu upya kwa gharama kubwa, au uikubali rangi. Rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa vumbi kisha ikaokwa kwenye tanuru kwa nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, hukaa kwa unene wa maikroni 60 hadi 100. Kwa mtu wa pwani hesabu hiyo inatosha kumgeuza dini.

Ila rangi haiishiki kromu. Kromu ni ngumu na laini mno, haina mahali pa rangi kujishikiza. Ukipuliza juu yake bila maandalizi, baada ya miezi michache unaibandua kwa ukucha, vipande vizima vizima. Lazima mng'ao uvunjwe kwa msasa au kwa kupigwa mchanga, ipite praima ya kushika chuma, ndipo nyeusi ifuate. Palipobanduka tayari, kromu iliyolegea itoke yote. Hapa nakuomba usinifanyie ujanja wa kijiweni wa kuivua kwa betri ya gari na ndoo ya magadi. Inatoka kweli, lakini yale maji yanayogeuka njano yamebeba kromiamu heksavalenti, ambayo inasababisha saratani ya mapafu, na mwisho wake huwa mtaroni kwa jirani. Kromiamu ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumika viwandani kuchovya mapambo haya. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu itumike bila kibali maalumu, na jimbo la California lilipitisha kanuni mwaka 2023 ya kuanza kuiondoa kwenye uchovyaji wa mapambo kuanzia 2027. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kupiga mchanga, ulipe, uondoke na mapafu yako.

Sasa moto. Rangi ya unga ya kawaida ikiwekwa kwenye shingo ya ekzosi, pale inapotokea kwenye injini, itafuka moshi siku ya kwanza, maana bomba hilo hupata mamia ya nyuzi, mbali kupita lile tanuru lililoiokea. Panahitaji mipako ya seramiki, au rangi ya silikoni ya moto inayovumilia nyuzi 600 na zaidi. Hiyo ya silikoni ina tabia moja inayowatia watu hasara: haikauki tu ikaisha, hukomaa kwa joto. Watengenezaji huelekeza ipashwe kwa hatua, nyuzi 120, kisha 200, kisha 315 hivi, kila hatua nusu saa, na katikati iachwe ipoe. Anayepuliza asubuhi na kuingia barabarani jioni akakanyaga mafuta mpaka mwisho, hulaumu rangi kwa kosa la haraka yake. Kisha yako madai kwamba injini nyeusi huchemka. Siyo hivyo. Uso mweusi hutoa joto kwa mnururisho vizuri kuliko chuma king'aacho. Chuma kilichong'arishwa ni mchoyo wa joto lake. Lakini injini inayopozwa kwa upepo hutegemea zaidi upepo wenyewe, kwa hiyo faida ni ndogo, na ukijaza rangi nzito katikati ya mapezi utaipoteza hata hiyo. Weka tabaka jembamba, na mapezi yabaki wazi.

Msuguano ndio mahali ambapo sitanii. Yale mabomba yanayong'aa ya shokapu za mbele hayakuchovywa kwa ajili ya wapita njia. Ile ni kromu ngumu, nene kuliko ya mapambo mara nyingi, na juu yake unateleza mdomo wa oili sili kila ukipita tuta. Ukiipuliza rangi, sili itaikwangua, vipande vitaukata mdomo, oili itashuka hadi kwenye diski ya breki, na breki yenye oili haiulizi ulitaka kupendeza kiasi gani. Viwanda vikitaka mabomba hayo yawe meusi, huyapaka kaboni ngumu inayofanana na almasi, ndani ya chumba kisicho na hewa. Fundi rangi wa mtaani hana. Yaache yang'ae. Diski nayo usiiguse. Na kabla hujaipeleka fremu kwenye rangi ya unga, zibe kwa tepu sehemu mbili za vyuma. Ya kwanza ni pale waya wa athi unapofungwa, kwani unga uliookwa haupitishi umeme. Fremu ikirudi ikiwa nyeusi hadi hapo, stata itavuta kwa unyonge na utalaumu betri mpya. Ya pili ni nyuso zinazokutana chini ya bolti kubwa, za injini na za ekseli. Rangi nene hubonyea taratibu chini ya nati, bolti iliyokazwa Jumatatu ikakutwa imelegea Ijumaa.

Mwisho, levya za alumini zinazotiwa weusi kwa umeme, ujue jua letu huwa linazigeuza zambarau zisipotiwa vizuri. Hilo ni dogo.

* * *

Shangazi, nimekusikia ukiwatetea hawa vijana. Kromu ni heshima, ina jasho la mwenye pikipiki ndani yake. Weusi ni kificho cha wavivu na wenye hela kidogo. Anayeivua yake aniletee mimi. — Mzee wa Kung'arisha, Mombasa

Shikamoo mzee wangu. Katika jambo moja uko sahihi, nami nitalikubali kwanza: chuma king'aacho hakifichi. Ufa kwenye welding, oili inayovuja, bolti iliyoota kutu, vyote huonekana haraka juu ya mng'ao kuliko juu ya nyeusi, na anayefuta kila wiki anaikagua pikipiki bila kujua. Mwenye pikipiki nyeusi inabidi aikague kwa makusudi, akiwa na tochi. Wala si kweli kwamba nyeusi haina kazi. Ile isiyong'aa huonyesha kila alama ya kidole chenye grisi, na ukiipaka dawa ya kung'arisha inabaki na mabaka yasiyotoka tena.

Lakini kusema weusi ni wa wasio na uwezo kunagongana na historia. Mwaka 1948 kiwanda cha Vincent cha Stevenage, Uingereza, kilitoa Black Shadow, pikipiki ya sentimita za ujazo 998 iliyokuwa miongoni mwa zenye kasi kubwa kabisa zilizouzwa madukani wakati ule. Ndugu yake, Rapide, aliuzwa kwa bei nafuu zaidi akiwa na injini ya alumini inayong'aa. Aliyepewa injini nyeusi ni yule ghali: alumini yake ilitiwa kwanza dawa ya kuzuia kutu, kisha enameli nyeusi ya kuokwa. Septemba ya mwaka huohuo mwendeshaji Rollie Free alilala kifudifudi juu ya Vincent ya ukoo huo kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, akiwa amevaa bukta ya kuogelea, akapita maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241. (Bukta msiige.) Miaka 60 hivi baadaye Harley-Davidson, kampuni iliyoshiba sifa za kromu kuliko zote, ilitoa Iron 883 ya mwaka 2009 yenye injini nyeusi na ringi nyeusi, na hiyo kweli ilikuwa miongoni mwa za bei ya chini katika ukoo wake. Nyeusi imekaa juu na imekaa chini, mzee wangu. Kinachopima heshima ni kama kazi chini ya rangi ilifanywa, na hapo kromu iliyochovywa kwa kuibia ni ya aibu sawasawa na kopo la Jumamosi.

* * *

Shangazi, mchumba wangu ana pikipiki nyeusi, kofia nyeusi, jaketi jeusi, na hurudi usiku. Nimlazimishe arudishe kromu ili aonekane? — Dada Mwenye Wasiwasi, Morogoro

Wasiwasi wako ni wa haki, ila umemshuku asiyehusika. Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2004, uliwalinganisha waendeshaji walioumia au kufa na wale waliokuwa barabarani bila kudhurika. Waliovaa mavazi ya kuakisi au yenye rangi kali ya kumeremeta, hatari yao ilikuwa chini kwa asilimia 37. Kofia nyeupe ikilinganishwa na nyeusi, asilimia 24. Taa ya mbele kuwashwa mchana, asilimia 27. Rangi ya pikipiki yenyewe kwa mbele haikuonyesha uhusiano wowote. Utasema Auckland si Morogoro, na barabara zao zina taa. Ni kweli, lakini fizikia haina uraia. Kromu ni kioo: taa ya lori ikiipiga, mwanga huenda upande mwingine, si kwa dereva. Kitambaa cha kuakisi kimetengenezwa ili kirudishe mwanga kule ulikotoka. Pikipiki yake mwachie ilivyo. Kofia mnunulie nyeupe iwe zawadi, jaketi livae kizibao cha kuakisi juu, na kama amepaka nyeusi kioo cha taa ya nyuma au riflekta, hapo mgombeze bila huruma. Muulize pia kama tenki lilikuwa la rangi nyingine kabla. Kadi ya usajili imeandikwa rangi, na trafiki huisoma.

* * *

Shangazi, mume wangu anaoka vifuniko vya injini kwenye oveni yangu. Mimi nauza keki. — Mama Oveni, Moshi

Pole, mwanangu. Watengenezaji wa rangi za unga husema wazi kwamba oveni iliyookea rangi isirudi kwenye chakula. Oveni hiyo ni ya gereji tangu siku ile, hata aisugue vipi, na mpya ni juu yake, yenye ukubwa uleule au zaidi. Akikwambia hela hana, muulize vifuniko vya kromu alivyovivua vya pikipiki nyingine viko wapi. Mombasa kuna mzee anavitafuta.