Kamati ya Krismasi na Dumu la Mbege

Mistari miwili myekundu kwenye kipimo cha malaria ndiyo iliyofuta safari yetu ya Moshi. Ilikuwa tarehe 21 Desemba. Tiketi za basi la alfajiri ya kesho yake zilikuwa ndani ya Biblia ya Baba Upendo, mabegi yamepangwa koridoni, na mimi nimekaa kwenye benchi la zahanati nimejifunga kanga mbili, natetemeka kwa baridi katikati ya joto la Dar es Salaam.

Mtoa dawa alikuwa kijana mpole. Alinipa dawa mseto, akanielekeza: vidonge 4 sasa hivi, vingine 4 baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni mpaka vyote 24 viishe kwa siku 3. “Na mama, umeze baada ya kula chakula chenye mafutamafuta, ndipo dawa inaingia vizuri mwilini.” Baba Upendo aliyasikia yote hayo, ila lililobaki kichwani mwake ni mafuta. Tulipofika nyumbani alikaanga mayai, akakaanga mihogo, akamalizia na dagaa, na harufu ikapita chini ya mlango wa chumbani ikanikuta nimekumbatia beseni. Kikombe cha maziwa au nusu ya parachichi vingetosha kabisa.

Nilidhani kutosafiri kutatupunguzia kazi. Ndoa yangu na Mchaga ina miaka mingi, ningepaswa kuelewa watu hawa wanavyoiona Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi, stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa watu wanaopanda Kilimanjaro, na asiyepanda sharti awe na sababu, tena sababu yenyewe hujadiliwa. Yangu ilijadiliwa kwa simu jioni ileile. Mama mkwe alitoa pole, halafu akatoa hukumu: kama mgonjwa hawezi kuifuata sikukuu, sikukuu itamfuata mgonjwa. Wifi yangu atashuka na wanawe. Shemeji wa Kibaha aliposikia hivyo akasema basi na wao watakuja, maana ni karibu. Kabla dozi ya pili haijafika, nyumba yenye mgonjwa ilikuwa imeshaahidiwa wageni wapatao 20.

Baba Upendo ni mtu wa ofisi. Akiona tatizo huunda kamati. Dada anayetusaidia kazi alikuwa ameshakwenda kwao Singida, kwa hiyo kamati ilikuwa yeye mwenyekiti, Upendo ambaye alimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita na anasubiri matokeo, na Baraka wa darasa la tano. Kauli mbiu ilikuwa “Mama apumzike.” Walitoka kikaoni na orodha, wakaibandika kwenye mlango wa friji: pilau, chapati, ndizi nyama, kuku wa kukaanga, sambusa, keki, kachumbari, kufua mapazia, kuosha mazulia, kupaka rangi ukuta wa mbele. Kila kazi ina jina la mtu. Jina langu halikuwepo popote, na kusema kweli niliguswa.

Kisha wakaanza kazi, na mlango wa chumbani ukaanza kugongwa.

“Mama, eti hamira iko wapi?”

“Mama, sufuria kubwa tulimwazima nani?”

“Mama Upendo, samahani mke wangu, usiamke. Mapazia ya sebuleni yanafuliwa kwa maji ya moto au ya baridi?”

“Ya baridi.”

“Na zile ndoano tunazitoa kwanza?”

“Mnazitoa.”

“Zote?”

Kulowanisha pazia na kulisugua anaweza mtu yeyote mwenye mikono. Ugumu uko kwenye kukumbuka kwamba lina ndoano, kwamba lile la kijani linachuja rangi, kwamba sabuni ya unga iko nyuma ya gunia la mkaa kwa sababu Baraka huchezea povu. Hayo yote yalikuwa yamehifadhiwa kichwani mwangu, na kichwa ndicho kilichokuwa kinauma.

Tarehe 22 mwenyekiti alikwenda Vingunguti akarudi na mbuzi. Alikuwa na hoja: bei ya mbuzi hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia, kwa hiyo kununua mapema ni kuokoa. Hoja nzuri, ila mbuzi mwenyewe alikuwa na siku tatu za kuishi na sisi. Walimfunga kwenye mpapai uani. Barazani Baraka alikuwa ameshasimamisha mti wa Krismasi, tawi la mvinje ndani ya ndoo ya mchanga, limepambwa kwa maputo na kwa pamba ya dukani iliyochambuliwa vizuri iwe theluji, theluji ambayo mtoto huyu ameiona tu juu ya Kibo, tena kutoka chini. Usiku kamba ilifunguka. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia sauti ya mume wangu mlangoni, ya chini, ya mtu anayejaribu kutomsumbua mgonjwa:

“Mama Upendo. Hivi mbuzi akila pamba anadhurika?”

Nilidhani ni homa inaongea. Sikujibu.

Wifi aliwasili tarehe 23. Msimu huu mabasi ya kupanda Moshi yamejaa hadi mlangoni, lakini yanayoshuka Dar yana nafasi za kumwaga, kwa hiyo alisafiri kwa raha zake na wanawe, na kiti cha dirishani akampa dumu la lita 20 la mbege aliyotumwa na mama mkwe. “Wifi, pole sana,” alisema akinishika kipaji cha uso. “Umekwisha! Usijali, tumekuja kukusaidia.” Kisha akaenda kusoma orodha kwenye friji, akarudi kuniuliza mbona hakuna mtori.

Sasa, mbege haitaki haraka, na haitaki kufungiwa pia. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, halafu ikatiwa uji wa kimea cha ulezi, na ikishatiwa ulezi inaendelea kuchachuka na kutoa gesi mpaka siku ya kunywewa. Kule kwao huwekwa kwenye chombo kisichobanwa, inapumua. Wifi aliogopa isimwagike kwenye basi, akaweka nailoni mdomoni mwa dumu, akafunga mfuniko kwa nguvu zote za mwanamke wa Kichaga. Barabara ya zaidi ya kilomita 500 ikaitikisa, joto la Dar likaipokea, na dumu likawekwa kwa heshima pembeni mwa sebule, chini ya mapazia yaliyofuliwa.

Saa tisa alasiri Upendo alikuwa anapiga pasi nguo za sikukuu, zilizotoka kwa fundi cherehani asubuhi ileile baada ya ahadi za tangu Novemba. Mlio ulinitoa kitandani haraka kuliko dawa yoyote. Nilipofika sebuleni mfuniko ulikuwa bado unazunguka sakafuni, dari ina alama, na uji wa ulezi unachuruzika kwenye mapazia, kwenye televisheni, kwenye gauni la Upendo na kwenye kipara cha mwenyekiti, ambaye alikuwa amesimama ameshika mkono wa wifi kama watu waliopigwa picha bila kuambiwa. Watoto wa wifi walikuwa na furaha ambayo zawadi yoyote isingeileta. Mbuzi, ambaye nadhani alishatuzoea, aliingia kwa mlango wa uani akaanza kulamba sakafu. Ndiye pekee aliyeifaidi mbege ile kwa kiasi cha kuridhisha.

Wakati huo ndipo Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta mmoja, alipobisha hodi na bakuli la uji wa pilipili manga. Aliniambia pole, akaniangalia nilivyo, akaangalia kuta zilivyo. Akavuka dimbwi, akasimama mbele ya friji, akasoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini.

“Jirani,” alisema, “hii Krismasi au harusi?”

Nikaomba kalamu.

Keki nilifuta kwanza. Sambusa nikafuta, kukunja manda kunataka watu wenye nafasi na umbea mwingi, na sisi hatukuwa na nafasi. Kuku nikafuta kwa sababu mbuzi yupo, tena amenenepa kwa pamba yetu. Chapati nikaandika “za kununua,” ziagizwe kwa mama wa kona anayechoma kila asubuhi. Wifi alivumilia mpaka nilipofika kwenye ndizi nyama.

“Wifi, Krismasi bila ndizi! Nitamwambia nini Mama?”

“Ndizi zipo, wifi, na jiko lipo. Anayezitaka azimenye, azipike, na asije kuniuliza chumvi iko wapi.”

Alizitazama zile ndizi, mkungu mzima aliokuja nao kutoka kwa Mama, akayatazama na maji ya kupiga deki yaliyokuwa yanamsubiri. “Labda Mwaka Mpya,” alisema.

Mwanamke akiugua kila mtu humwambia agawe kazi. Hakuna anayemwambia kwamba kazi iliyogawiwa inataka msimamizi, na msimamizi ndiye huyo aliyelala. Chakula kilichofutwa hakimwamshi mtu kuuliza hamira. Rangi ya ukuta nikaifuta pia. Mapazia nikasema yabaki na mbege yao mpaka ikauke, na mpaka leo sijasikia mgeni hata mmoja aliyesema pazia lile lilikuwa chafu, ingawa mmoja aliuliza kama tumebadilisha kitambaa.

Kikabaki pilau, mbuzi wa kuchoma, kachumbari, na matunda. Desemba ni msimu wa maembe. Embe halitaki mafuta wala moto wala kuonjwa chumvi, na nanasi hali kadhalika. Pilau aliichukua Mama Zuhura mwenyewe bila kuombwa, na hapo ndipo nilipoona mtu anayejua kazi yake. Anasema pilau haimchoshi mtu jikoni, humchosha kabla. Kwa hiyo jioni ya mkesha aliwakalisha watoto wote kwenye mkeka na vitunguu swaumu vilivyolowekwa kwenye maji ya vuguvugu. Baada ya muda ganda linateleza lenyewe, hata mtoto wa miaka sita anamenya. Vitunguu maji alivikaanga vyote usiku ule mpaka vikawa kahawia, akavitandaza kwenye karatasi vikauke, akavifungia kwenye chupa. Bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu zikasagwa mara moja. Mchele alimtuma Baba Upendo anunue uliochambuliwa kwa mashine, ghali kidogo kwa kilo, na alipoanza kulalamikia bei alimkabidhi ungo na kumuuliza kama angependa kutafuta mawe mwenyewe. Alilipa.

Asubuhi ya Krismasi mume wa Mama Zuhura alikuja kuchinja, kama afanyavyo kila mwaka, ili sahani zitakazovuka ukuta ziliwe na wote. Idd sahani huvuka kutoka kwao. Familia ikaenda kanisani. Mimi, niliyemaliza vidonge vya mwisho usiku wa tarehe 23, nilikuwa sina homa tena, lakini nguvu zilikuwa bado njiani, maana malaria huondoka mapema ikakuachia miguu ya mtu mwingine. Nilikaa barazani kwenye kiti, karibu na kilichobaki cha mvinje, nikamwangalia mwanamke wa Kiislamu akipika Krismasi yangu kwa kuni tatu. Mchele ulipokauka maji alipunguza moto chini, akapalia makaa juu ya mfuniko, akakaa. Hakuniuliza kitu. Umeme ulikatika saa tano, ukaondoka na muziki wa majirani tu.

Wa Kibaha walifika na kreti za soda na barafu. Sahani za karatasi wifi aliziona ni aibu mpaka wageni 20 walipomaliza kula, akazikusanya mwenyewe kwenye mfuko mmoja, akarudi kukaa, akanyoosha miguu. Pilau alikuwa amejipakulia mara ya pili, akiwa amenipa mgongo.

Jioni simu ikalia. Moshi.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?”

“Nimepona, mama. Nguvu tu.”

“Nasikia mmekula maembe Krismasi.”

“Ndiyo mama.”

“Na ndizi zangu?”

“Zipo mama. Zimeiva sasa.”

Alifikiri kidogo. “Na mbege iliwafikia?”

“Ilitufikia sote, mama.”

Tarehe 26 niliamka mwenyewe, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Kwenye friji palikuwa na karatasi mpya, imenyooka, imepigiwa mistari kwa rula: Mwaka Mpya. Ndizi nyama, mtori, keki, sambusa, kuku, mazulia, mapazia. Kamati ilikuwa imeona kwamba mama amepona, na jina langu lilikuwa limerudi, mbele ya kila kitu. Kalamu ilikuwa bado juu ya friji nilipoiacha. Nikafuta keki, nikafuta sambusa, nikafuta kuku. Mtori na ndizi nyama nikaandika “wifi.” Mazulia nikafuta. Kwenye mapazia nilisita, nikayatazama yalivyoganda kwa ulezi, nikaandika “Mwenyekiti,” na pembeni, kwa herufi ndogo: “maji ya baridi, ndoano zote.”