Ukiandika Pedali, Andika na Pa Kuinua Mguu

Nakala za nota za namna hii zimejaa kwenye mafaili ya kwaya zetu huku Ruiru: baa ya kwanza, chini ya mstari wa besi, pameandikwa Ped. kwa herufi nzuri za mkunjo. Ukurasa wa kwanza unaisha, wa pili unaisha, "Amina" inafika, na hakuna mahali mpiga kinanda alipoambiwa ainue mguu. Mtoto mtiifu wa hapa mtaani Membley atakanyaga mwanzo hadi mwisho kama alivyoagizwa, na mama yake aliye jikoni atadhani kinanda kimeharibika. Hakijaharibika. Aliyeharibu ni mwandishi wa nota.

Mwalimu, anza kwa kukumbuka kazi ya ile pedali ya kulia. Ndani ya piano, karibu kila uzi una kizuizi laini kinachoulalia na kuunyamazisha kidole kinapotoka. Ukikanyaga, vizuizi vyote vinainuka kwa pamoja na kila nota uliyoipiga inaendelea kulia. Basi kukanyaga ni rahisi, yeyote mwenye mguu anaweza. Ustadi uko kwenye kuinua, na alama ya kuinua ndiyo wengi wanaisahau.

Alama zenyewe ni za aina mbili. Ya zamani ni Ped. na nyota, aliyoitumia Chopin. Inafaa pale pedali inapobadilishwa mara chache. Ikibadilishwa kila pigo, chini ya besi panajaa Ped. nyota Ped. nyota, na kwenye fotokopi ya tatu hakuna anayejua nyota ni ya nani. Hapo tumia mstari: unaanza mguu unapokanyaga, una kilima kidogo mguu unapoinuka na kurudi mara moja, na unafungwa kwa kikonyo pa kuachia kabisa. Kwa nyimbo za kanisani, ambazo harmoni yake huhama karibu kila neno, mimi nasema mstari, na sibishani.

Wengi wetu tunatumia programu ya kuandikia nota ya MuseScore kwa kuwa ni ya bure. Bofya nota ya kwanza ya mkono wa kushoto, shikilia Shift, bofya ya mwisho, kisha nenda kwenye paleti ya Keyboard uchague mstari wa pedali. Nimesema mkono wa kushoto. Ukichagua nota za mkono wa kulia, mstari utaangukia katikati ya mistari miwili ya piano na kugombana na alama za sauti kubwa na ndogo. Kupata kile kilima, weka mistari miwili inayofuatana, wa kwanza ukiishia kwa mkunjo wa mshazari, wa pili ukianzia kwa mkunjo huo huo. Ncha ikipitiliza, ishike, kisha irudishe kwa Shift na mshale. Kwenye Sibelius, herufi L hukufungulia orodha ya mistari. Kwenye Dorico, bonyeza Shift na P, andika ped, basi. Kwa walio bado na Finale: MakeMusic ilitangaza Agosti 2024 kwamba inaacha kuiendeleza, kwa hiyo hamisheni faili zenu kwa MusicXML mapema, na mkishahamisha mkague pedali moja moja.

Sasa pa kuweka kilima. Weka chini ya nota mpya ya besi, harmoni inapohama. Mpiga piano aliyefunzwa ataipiga nota, atainua mguu wakati huo huo, kisha atakanyaga tena kabla kidole hakijatoka, ili sauti ya zamani ife na mpya ishikwe bila pengo. Ukiweka kilima mapema, kabla ya besi mpya, unamwambia aache shimo la kimya mbele ya neno ambalo kwaya imelivutia pumzi. Soprano watakushtaki, na watakuwa na haki.

Na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize zaidi. Vinanda vingi vya makanisa yetu ni vya umeme, na mara nyingi vimewekwa sauti ya ogani. Nota ya piano hufifia yenyewe hata ukikanyaga. Nota ya ogani haififii, inabaki na nguvu zake zote mpaka mguu utoke. Pedali ile ile iliyoupamba wimbo kwenye piano ya sebuleni itaugeuza uji kanisani. Beethoven mwenyewe, katika sonata ya Opus 27 namba 2 iliyochapishwa 1802, aliagiza sehemu yote ya kwanza ipigwe bila vizuizi kushuka. Piano za enzi zake zilififia haraka. Za leo hudumu zaidi, na wapigaji wengi hulazimika kubadilisha pedali pale ambapo yeye hakuandika. Ikiwa alama ya Beethoven inahitaji kupimwa upya chombo kikibadilika, na yako pia. Toa nakala mbili, moja ya piano yenye pedali na nyingine ya ogani isiyo na hata moja, na juu ya kila ukurasa andika ni ya chombo gani.

Usiiachie kompyuta kazi hii. Ukirekodi kwa kucheza moja kwa moja, kinanda hutuma mwendo wa mguu kama amri namba 64 ya MIDI: thamani 0 hadi 63 ni mguu juu, 64 hadi 127 ni mguu chini. Programu nyingine huchapa kila mtetemo wa mguu wako, hata ule wa kujinyoosha. Futa alama hizo zote, kisha andika zile unazozitaka.

Baada ya hapo kaa kwenye kinanda chenyewe kitakachotumika Jumapili, usome ulichoandika kana kwamba hukijui, na mguu wako ufuate mstari tu bila kukusaidia kwa mazoea. Kila palipochafuka, ongeza kilima au uondoe mstari. Usitume PDF kwenye kundi la WhatsApp la kwaya kabla hujafanya hivyo.