Madai ya Usingizi

Ndugu Serikali,

YAH: MADAI YA USINGIZI, MACHI 2020 HADI AGOSTI 2021

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Dar es Salaam. Ninaandika Agosti 2021, saa nane usiku, maana ndio muda wangu wa zamu: nazunguka vitandani kusikiliza nani anakohoa.

Nianze na shukrani. Tarehe 29 Aprili 2020 ulitutangazia wagonjwa 480, kisha ukatupumzisha na hesabu. Sisi ambao hesabu hazikutupenda tangu shule ya msingi tulifarijika. Mei tukaambiwa sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona, na mwanangu wa darasa la pili, aliyekuwa nyumbani tangu shule zifungwe Machi, akagoma kula papai mpaka livalishwe barakoa. Juni ukasema ugonjwa umekwisha. Nikalala. Halafu watu wakaanza kuzikwa kwa "changamoto ya upumuaji", maradhi ambayo hadi leo sijayaona kwenye kitabu cha Sayansi cha mkubwa wao.

Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli akasema chanjo hazifai. Tarehe 1 Februari Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, akasema wizara haina mpango wa kuzipokea, na mbele ya kamera ikatengenezwa juisi ya tangawizi, vitunguu na malimau. Mimi raia mtiifu. Nikabandika nyungu, nikawafunika watoto blanketi wajifukize asubuhi na jioni. Wa mwisho akaniuliza, "Mama, bado sijaiva?"

Julai 24 zikashuka dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kutoka Marekani. Siku nne baadaye Rais mpya, Samia, akachanjwa hadharani, nasi tukishuhudia. Mpaka jua linazama, mimi niliyekuwa mzalendo kwa kukataa chanjo nimeshakuwa mpotoshaji kwa kusitasita. Unasema tunasikiliza uvumi wa mitandaoni. Ndugu Serikali, mimi nilikuwa nakusikiliza wewe.

Na hilo ndilo linaloniuma. Watoto wote watatu nimewapeleka kliniki, nimekaa kwenye benchi tangu alfajiri na kadi mkononi, na hakuna mama aliyeuliza matone ya polio yametoka kiwanda gani. Kovu la BCG ninalo begani tangu uchanga. Sijawahi kulibandika sarafu nione kama linanasa, kama wanavyozusha kuhusu chanjo ya korona. Nilikuamini kuhusu surua kwa sababu uliyoniambia mimi ndiyo uliyomwambia mama yangu. Imani hiyo ulipewa bure, ukaitumia kwa miezi sita kama mtu aliyeokota pochi.

Sasa mama mkwe hachanji. Anasema Gwajima kakataza. Namwambia Gwajima kahimiza. Ananiuliza, yupi? Kwa hesabu yangu tunao watatu: Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe, anayepinga chanjo, Dk. Gwajima wa Agosti, anayetuhimiza tuchanje, na Dk. Gwajima wa Februari, aliyekuwa na juisi. Kila mmoja ana wafuasi nyumbani kwangu.

Nami usiku napiga mahesabu. Nikichanja, jirani anasema sivuki miaka miwili. Nisipochanja, ipo changamoto ya upumuaji. Wanaobaki ni watoto wale wale watatu, na baba yao hajui hata kadi za kliniki zinakaa wapi.

Jana nilikwenda kuchanja, nikasaini kwamba nachanja kwa hiari yangu. Muuguzi akaniuliza kama nina presha, kisukari au pumu. Nikamwambia silali, moyo unanienda mbio, nikisikia kikohozi hata cha redioni nashtuka. Akanitazama kwa huruma, akatazama foleni nyuma yangu.

"Dada, nimekuuliza presha, kisukari au pumu."

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa watoto watatu

Nakala: Gwajima (wote watatu)